UZI: Unabeba nini cha huduma ya kwanza ukitoka na baiskeli ya mlimani? Plasta peke yake hazitoshi wakuu

TopeMagotini (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Naleta hii mada maana imenikaa moyoni muda mrefu na kila nikitoka na kundi naona watu wamebeba tyubu mbili, pampu, kiungo cha mnyororo, funguo za kila saizi, yaani baiskeli ikiharibika porini inapona palepale, lakini mwenye baiskeli akiharibika hakuna hata kitambaa cha kumfungia.

Kilichonifumbua macho ni hiki. Mwenzetu alikuwa anashuka mbele yangu kama mita 30 hivi, tairi la mbele likaingia kati ya mizizi miwili, usukani ukageuka, akapita juu akatua kwa bega. Mguu ukabaki kwenye baiskeli na yale meno ya gia ya mbele yakamchana muundi. Nilikuwa na kiboksi cha huduma ya kwanza, kile kinachouzwa kikiwa kimeshapangwa, nikakifungua kwa kujiamini kabisa. Ndani plasta ndogo 20, vifuta vya spiriti, pini, bandeji moja nyembamba kama utepe. Jeraha lilikuwa refu kuliko kiganja changu, limejaa grisi na mchanga, na bega unaliona kwa macho tu kwamba mtulinga umekatika. Tukakandamiza kwa fulana, mkono tukaufunga kwa jezi. Mpaka barabarani ni dakika 40 kwa mtu mzima anayetembea, sisi tulitumia zaidi ya masaa mawili, na katikati ya safari akaanza kutetemeka meno yanagongana manake jasho lilishampoa mwilini na hatukuwa na kitu cha kumfunika. Alipona vizuri namshukuru Mungu, ila mimi ile hali ya kuchakura kiboksi huku mtu anavuja damu sijaisahau.

Baada ya hapo nikaenda kusoma kozi ya huduma ya kwanza, afu nikaanza kupanga upya. Swali nililoanzia ni moja tu: tangu mtu anapoanguka mpaka anapofika kwa daktari, kitu gani kinaweza kumwondoa au kumharibu, na nina nini mkononi cha kukizuia? Ukijiuliza hivo nusu ya vitu vya kwenye kiboksi vinaanguka vyenyewe. Mkwaruzo mdogo utakauka hata usipougusa, damu nyingi haikusubiri.

Kwa hiyo mimi saivi nabeba hivi, naeleza na sababu.

Damu kwanza. Glavu pea mbili zile za naitraili, pea mbili kwa sababu ya kwanza itachanika kwenye changarawe. Bandeji moja ya mgandamizo, ile pana yenye pedi nene na mkia wa kuvutika, hii kwangu ndo mfalme wa begi. Gozi za kukunjwa pakiti nne. Na tonikwe, ule mkanda wenye kijiti cha kuzungusha, halisi wa kiwandani. Jeraha nyingi sana zinasimama kwa kukandamiza tu, weka gozi, kandamiza kwa nguvu dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia, ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Tonikwe ni ya ile damu inayoruka au inayolowesha kila unachoweka, kwenye mkono au mguu. Inakaa sm 5 mpaka 7 juu ya jeraha upande wa kuelekea mwilini, sio kwenye goti wala kiwiko, unazungusha kijiti mpaka damu ISIMAME, itauma sana na ndo inavyotakiwa, unaandika saa uliyoifunga, afu huilegezi tena mpaka kwa wataalamu. Kalamu ya wino usiofutika ninayo humohumo.

Kuosha. Hapa ndo watu tunabeba vitu vya ovyo. Vifuta vya spiriti na ile dawa ya kutoa povu havifai ndani ya jeraha, vinaunguza nyama nzima iliyobaki na jeraha linachelewa kupona. Kinachosafisha ni maji mengi yenye msukumo, na maji ya kunywa safi yanafanya kazi. Nina bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yenyewe, na kama huna, mfuko wa maji wa mgongoni ubane kwapani halafu elekeza mrija kwenye jeraha, unapata msukumo mzuri tu. Ila uwe umeweka maji matupu, sio yale yenye unga wa sukari na chumvi. Mchanga ukibaki kwenye mchubuko ngozi inafunga juu yake na unabaki na madoa ya bluu maisha yote, nimeona mtu anayo kwenye paja. Kwa hiyo mtu wangu naosha mpaka aseme basi na bado naongeza kidogo. Juu yake naweka gozi ile isiyogandana na jeraha, manake ile ya kawaida kesho yake ukiivuta inatoka na ngozi mpya.

Mifupa. Bandeji ya pembetatu mbili, moja ya kuning'iniza mkono, ya pili unaizungusha kifuani kuubana mkono usichezecheze. Mwendesha baiskeli akianguka ananyoosha mkono au anatua na bega, kwa hiyo mtulinga na kifundo cha mkono ndo vinakatika mno. Ukishafunga angalia vidole, kama vimebadilika rangi au vimekufa ganzi legeza. Pete na saa vitolewe mapema kabla mkono haujavimba. Halafu nina banzi la kukunja, ile bati laini ya alumini iliyofunikwa sponji, SAM Splint wengi mnaijua, ikiwa bapa ni laini kama kadibodi lakini ukiikunja mfereji katikati inakuwa ngumu kabisa. Ina urefu wa sm 91, mimi nimeiweka bapa nyuma ya mfuko wa maji, haichukui nafasi.

Joto. Blanketi la karatasi ya ng'aring'ari, gramu 60 tu, na hili ningepewa sheria ningelazimisha kila mtu awe nalo. Mtu aliyelowa jasho akilala chini dakika 20 anapoa hata kama wewe uliyesimama unasikia joto. Na mwili ukipoa damu haigandi vizuri, kwa hiyo kumfunika ni sehemu ya kuzuia damu. Mtandikie na chini pia, ardhi ndo inanyonya joto.

Vidogo vidogo: mkasi wa kukatia nguo wenye ncha butu, kibano, plasta chache (ndio zipo, ila chache), zile plasta nyembamba za kuvuta kingo za jeraha, paracetamol, filimbi. Gundi ya kitambaa nimeizungusha kwenye pampu mizunguko kama 10, inashika banzi, inafunga malengelenge, inafanya kila kitu.

Vyote pamoja nilipima gramu 480. Tyubu mbili tunabeba bila kulalamika na uzito wake haupishani sana na huo. Karibuni, ongezeni na sahihisheni.

---

Mnyororo_Mkavu

Asante mkuu kwa uzi, ila mimi naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Mimi natembea mwepesi, njia ninayopita ni lisaa limoja na nusu nimerudi, simu ina mtandao mwanzo mwisho. Hilo banzi la sm 91 la nini? Mguu ukivunjika kuna fito, kuna pampu, kuna tyubu ya kufungia. Nadhani tunaweza kujitisha mpaka tukaacha kufurahia. Mimi nina gozi mbili, bandeji, gundi na simu.

---

NesiWaPori

Habari za humu. Kazi yangu ni uuguzi wa dharura na wikiendi niko kwenye baiskeli, kwa hiyo uzi huu umenigusa pande zote mbili.

Mnyororo_Mkavu hajakosea kwenye banzi. Kifundo cha mkono unaweza kukifunga kwa gazeti lililokunjwa au hata pedi ya goti, na mguu uliovunjika kama msaada unafika haraka mara nyingi bora uache umelala, uushikize kwa mguu mzima. Kitu ambacho hakibahatishwi ni tonikwe. Nawaomba sana hili mlisikilize: kamba ya kiatu, waya, au tyubu iliyozungushwa kwa mkono inabana mishipa ya juu inayorudisha damu lakini ateri ya ndani inaendelea kusukuma, matokeo yake damu inatoka KWA WINGI zaidi. Inahitaji mkanda mpana na kijiti cha kuzungushia. Kama huna ya kiwandani weka nguvu zako zote kwenye kukandamiza, pachika gozi ndani ya jeraha mpaka lijae na uendelee kukandamiza juu.

Sasa kitu ambacho mleta uzi hakukigusa na kwangu ndo kinakuja kwanza, kichwa. Hakuna cha kwenye begi kinachotibu mtikiso wa ubongo, lakini macho yako yanaweza kuokoa. Mtu ameanguka, kofia imepasuka, anainuka anasema niko poa twende. Muulize: tuko njia gani? tulianzia wapi? nani alikuwa mbele yako? Kama anarudia swali moja mara tatu, kama hakumbuki kuanguka, kichwa kinamuuma, kichefuchefu, mwanga unamsumbua, anayumba, safari yake imeisha siku hiyo. Haendeshi hata kushuka mteremko mdogo, kwa sababu akianguka tena kabla ubongo haujapoa ndo hatari inazidi. Na hizi ni za kukimbia hospitali muda huohuo: kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, mboni za macho hazilingani, degedege, majimaji yasiyo na rangi au damu kutoka sikioni au puani, kichwa kuuma kunakozidi. Asilale peke yake nyumbani siku ya kwanza hiyo, dalili zinaweza kuja baadaye.

Ndo maana pia nakubaliana na paracetamol na sio aspirini wala ibuprofeni, hizo mbili zinaingilia damu kuganda na kama kuna damu inavuja ndani ya kichwa umeongeza tatizo. Ibuprofeni tena kwa mtu aliyepungukiwa maji figo hazifurahii.

Kofia iliyopigwa mara moja haifai tena hata kama huoni ufa, lile povu la ndani linafanya kazi kwa kusagika na likishasagika halirudi.

---

Mama_Pedali

Nashukuru sana kwa elimu hii. Mimi naendesha na mwanangu wa miaka 11, ameanza kupenda mno njia za porini na kiukweli kila akishuka mbele yangu roho inakuwa juu. Mwezi uliopita alianguka taratibu tu, usukani ukamchoma tumboni, akalia kidogo akanyamaza tukaendelea. Baadaye usiku akasema tumbo linauma, nikampeleka wakamwangalia wakakuta hakuna kitu. Nilijisikia kama nimewasumbua. Nilikosea kumpeleka? Na kwa mtoto nibebe nini cha tofauti?

---

NesiWaPori

Dada hukukosea hata kidogo na ningependa wazazi wote wafanye kama wewe. Ncha ya usukani ikimwingia mtoto tumboni nguvu yote inakuja kwenye duara dogo kama sarafu, na ini, bandama, kongosho na utumbo viko palepale nyuma yake. Nje unaona alama ndogo ya mviringo au huoni kitu, na mtoto anaweza kucheza masaa kadhaa kabla maumivu hayajaanza. Kwa hiyo tumbo kuuma baada ya usukani, kutapika, kupauka, maumivu yanayopanda mpaka bega la kushoto bila bega kuumia, hiyo ni safari ya hospitali hata kama ni usiku, na usisahau kuwaambia kwamba ilikuwa ncha ya usukani, hayo maneno yanabadilisha jinsi wanavyomchunguza.

Na kinga yake ni rahisi kuliko kila kitu kilichotajwa humu: angalia zile ncha za usukani kama zina vizibo na mpira wa mkono haujachanika mwishoni. Bomba tupu la chuma linakata nyama kama kikata biskuti. Nendeni mkaangalie leo baiskeli za watoto wenu.

Cha kubeba cha tofauti ni kidogo, paracetamol ya dozi ya uzito wake, na kama meno yake ya ukubwani yameshaota jua hili la jino. Jino la ukubwani likitoka lote, lishike upande wa kutafunia na usiguse mzizi, kama lina uchafu suuza haraka sana, lirudishe kwenye tundu lake afu ang'ate kitambaa. Kama haiwezekani liweke kwenye maziwa, au kama hakuna kwenye mate yake mwenyewe kwenye kikopo, lisikauke. Muda ni dakika sio masaa, nusu saa ya kwanza ndo yenye matumaini makubwa. La utotoni usilirudishe, utaharibu linalokuja chini.

---

Breki_Mbili

Niongeze hapo hapo kuhusu kuungua. Diski ya breki baada ya mteremko mrefu inaunguza mbaya sana, mimi nilianguka baiskeli ikanilalia, diski ikagusa shavu la mguu, mpaka leo kuna alama ya matundu ya diski kwenye ngozi. Mwenzangu mmoja alitaka kunipaka grisi ya mnyororo eti inapoza!! Nikakataa. Tulimwagia maji ya chupa zetu zote tatu kidogo kidogo, daktari akasema tulifanya sawa, maji ya baridi ya kawaida dakika 20 kama yapo, hakuna mafuta, hakuna dawa ya meno. Tangu hapo nina kipande cha nailoni ile nyembamba ya kufunikia vyombo, nimekikunja ndani ya begi, unaweka juu ya jeraha la moto lililopoa, hakigandi na hewa haichomi.

Afu na vidole jamani. Usizungushe gurudumu kwa mkono kuangalia kama diski inagusa. Diski inayozunguka inakata kidole kama msumeno, ikitokea kipande kimetoka kifunge kwenye gozi yenye unyevu, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndo uwekwe kwenye barafu, sio kidole chenyewe kugusa barafu.

---

Kivuli_cha_Msonobari

Mimi natembea peke yangu asilimia kubwa na nina aleji ya nyuki, ile mbaya ya koo kufunga. Nyuki kwenye baiskeli ni jambo la kawaida, unakuja kasi anaingia kwenye matundu ya kofia. Kwa hiyo sindano ya adrenalini ya kujidunga iko na mimi kila siku, na nimejifunza kwa uchungu kwamba haiwekwi kwenye begi la fremu ya baiskeli. Ukianguka baiskeli iko huku wewe uko kule chini ya korongo. Iko mwilini. Tena sio kwenye mfuko unaopigwa na jua, dawa ile inaharibika na joto, inataka joto la chumba, dirisha la kuangalia dawa likionyesha rangi ya kahawia au vipande vipande ibadilishe.

Kwa wanaotembea na mtu kama mimi: sindano inaingia paja la nje, katikati, hata juu ya nguo. Afu mlaze, miguu juu, asisimame na asitembezwe, kama anapumua kwa shida mkalishe amenyoosha miguu. Dakika 5 hali haijabadilika na ana ya pili, mpe ya pili. Na hata akipata nafuu kabisa anaenda hospitali, inaweza kurudi. Mwiba wa nyuki utoe haraka kwa namna yoyote, kucha, kadi, vidole, sumu inaendelea kuingia wakati unatafuta kibano.

Swali langu kwa mleta uzi: sisi tunaotembea peke yetu tonikwe tutaifunga vipi kwa mkono mmoja?

---

TopeMagotini (mleta uzi)

Aisee mmenifundisha mengi, lile la vizibo vya usukani nimetoka kwenda kuangalia yangu sasa hivi na kimoja hakipo.

Kivuli_cha_Msonobari, zile za kijiti zimetengenezwa hivo makusudi, mtu ajifunge kwa mkono mmoja. Ila lazima uwe umeiandaa, itoe kwenye nailoni yake ya kiwandani, ifungue iwe kitanzi tayari, mkia umekunjwa ubaki mfupi wa kushika. Unapenyeza mkono kama unavaa bangili, unavuta mkia, unazungusha, unakipachika kijiti. Nimejaribu nyumbani kwa mkono wa kushoto mara ya kwanza nikatumia karibu dakika nzima, ya tano nikashuka sana. Afadhali uwe na moja ya mazoezi na nyingine ya kazi, ile unayochezea mara kwa mara inachoka.

Na kwa wanaotembea kundi kuna jambo nimeligundua ambalo sijaona likisemwa. Begi kubwa la huduma ya kwanza asibebe anayeongoza. Anayeongoza ndo mara nyingi mwenye uwezo mkubwa, yuko mbele, wanaoanguka wako nyuma yake, akiitwa inabidi apande tena mlima alioushuka. Mpe anayefunga msafara. Yeye atamkuta kila aliyeanguka njiani. Na kabla hamjaanza safari kila mtu aoneshwe mfuko uko wapi, mimi nimeshona kipande cha kitambaa chekundu nje, manake kama aliyeanguka ni mimi nimezimia, ni nani atajua kwamba gozi ziko chini ya koti la mvua?

---

Mnyororo_Mkavu

Wakuu nimerudi. Nilisoma comenti ya nesi kuhusu tonikwe nikakaa kimya siku mbili. Nimeenda kupima begi langu upya na nimekubali kuongeza tonikwe, bandeji ya mgandamizo na blanketi la ng'aring'ari. Banzi bado sibebi, na hapo nesi ameniunga mkono hahaha.

Ila nina hoja ya simu. Nilisema mtandao upo mwanzo mwisho, juzi nikaamua kuangalia kweli, nikawa nasimama kila baada ya dakika tano. Kwenye bonde lote la chini hakuna hata alama moja. Miaka minne napita hapo sijawahi kujua, kwa sababu huwa sipigi simu nikiwa nashuka. Nimeshtuka sana. Kwa hiyo nimefanya haya: ramani ya njia nimeipakua ikae ndani ya simu, namba ya dharura ya eneo iko juu kabisa, kwenye sehemu ya dharura ya simu ile inayofunguka bila nywila nimeandika kundi la damu, dawa, na namba ya mke wangu. Namwambia naingia wapi, natokea wapi, na ikifika saa fulani hajanisikia aanze kupiga. Wanaokwenda mbali kabisa kuna vile vifaa vya setilaiti kama Garmin inReach, vinatuma ujumbe na mahali ulipo bila minara ya simu.

---

NesiWaPori

Umefanya jambo kubwa kaka. Ukipata mtandao kidogo na sauti inakatika, tuma ujumbe mfupi wa maandishi, unapenya pale ambapo simu haipenyi. Taja namba za mahali ulipo zile za GPS, wangapi wameumia, anaongea au haongei, anavuja damu au la, na gari linaweza kufika karibu kiasi gani.

Na mtu akiwa analalamika shingo au mgongo, au miguu imekufa ganzi, tusiwe na haraka ya kumnyanyua eti tumtoe njiani. Mtu mmoja apande juu kuzuia wanaokuja, hata baiskeli iliyosimamishwa katikati ya njia mita 50 juu inawaonya, wewe shika kichwa kibaki kama kilivyo na umfunike. Kofia usiivue kama anapumua vizuri. Kama hapumui vizuri, hapo kupumua kunakuja kabla ya shingo, vua ikibidi, na kama hapumui kabisa anza kukandamiza kifua, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sm 5 mpaka 6, usiache.

Bega lililotoka kwenye tundu lake msilivute. Najua kuna video. Unaweza kukata mshipa wa fahamu au kuna mfupa umevunjika hapo ndani hujui. Ning'iniza mkono katika mkao ule ambao mwenyewe anaona nafuu.

---

Mama_Pedali

Na pepopunda? Mwanangu chanjo zake kamaliza, mimi sikumbuki yangu.

---

NesiWaPori

Kama hukumbuki nenda kaulize kituo cha afya, wewe unayeshinda kwenye matope na meno ya gia ni wa kwanza kuhitaji. Kwa watu wazima nyongeza ni kila miaka 10, na jeraha likiwa chafu au la kuchomwa ndani huwa tunarudia kama imepita miaka 5. Jeraha la gia usilichukulie poa kwa sababu tundu ni dogo, linaingia ndani na grisi yake. Likianza kuwa jekundu linalosambaa, moto, usaha au homa, usingoje.

---

Breki_Mbili

Nimefunga ya kwangu jana, gramu 390, ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana ili mvua isiingie, vya damu juu kabisa plasta chini. Swali dogo la mwisho, filimbi mnaweka wapi? Na mnapuliza mara ngapi?

---

TopeMagotini (mleta uzi)

Kwenye milima ya Alpi ishara ya dharura ni mipulizo 6 ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia, na anayekusikia anakujibu 3 kwa dakika. Sehemu nyingine nyingi ni mipulizo 3 unarudia. Popote ulipo, cha kushika ni mpangilio uleule unaorudiwa, asije mtu akadhani ni watoto wanacheza. Na usiku tochi unaiwasha na kuizima kwa hesabu hiyohiyo.

Kuhusu mahali, angalia kwanza mkanda wa kifuani wa begi lako la maji, mengi yana filimbi imejengwa kwenye kile kibanio na watu wanakaa nalo miaka hawajui. Kama haina, funga ya kwako hapohapo kwa uzi mfupi, afu fanya jaribio hili: lala chali, mikono yote miwili chini ya makalio, uone kama mdomo unaifikia kwa kuinamisha kidevu tu. Yangu ilikuwa imepungua sm 4, nikapandisha mkanda.